Watu Walio Nyuma ya Utafiti wa Tiba Katika Hospitali ya Kilifi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Utafiti wa tiba unaofanyika hospitalini Kilifi ni wa nani, na ulianza lini?

Ulianza mwaka 1989, pale Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, iliposhirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford na shirika la Wellcome Trust la Uingereza kuweka kikundi kidogo cha watafiti katika iliyokuwa Hospitali ya Wilaya ya Kilifi, ambayo tangu ugatuzi huitwa Hospitali ya Kaunti. Miongoni mwa waliouongoza tangu siku za mwanzo ni Norbert Peshu na Kevin Marsh. Malaria kali ya watoto ndiyo iliyowashughulisha kwanza, kisha kazi ikapanuka hadi nimonia, homa ya uti wa mgongo, utapiamlo, selimundu, chanjo na magonjwa ya watoto wachanga.

Kilichoipa Kilifi sura yake ni kwamba utafiti uliwekwa ndani ya hospitali ya umma, hatua chache kutoka wodi ya watoto. Kwa sababu hiyo mtu hawezi kuueleza utafiti huo kwa kutaja maabara na mashine peke yake, kwani msingi wake ni muuguzi wa zamu, karani wa mapokezi, dereva, mtakwimu, na mama aliyekubali mwanawe atolewe damu kidogo.

Ni nani hasa wanaofanya utafiti wodini? Mbona nikimpeleka mtoto simwoni profesa?

Mtafiti mkuu ndiye anayewajibika kwa kila jambo, lakini si yeye anayekuwepo saa tisa za usiku mtoto anapoletwa akiwa na degedege. Anayekuwepo ni afisa wa kliniki au daktari wa zamu, pamoja na muuguzi, na kwa kawaida wao ndio wanaompima mtoto, kumpa dawa, na papo hapo kujaza taarifa zitakazotumiwa na utafiti kwa miaka mingi ijayo.

Karibu nao yupo karani wa kusajili wagonjwa, ambaye watu wengi hawamtambui kuwa mtafiti. Yeye huuliza mtoto anatoka kijiji gani, mwenye boma ni nani, na mama yake anaitwa nani, kisha humtafuta mtoto huyo katika rejista ya wakazi iliyo kwenye kompyuta. Kazi hii huonekana nyepesi mpaka mtu akumbuke jinsi majina ya Katana, Karisa, Kazungu, Charo, Kadzo na Sidi yanavyorudiwa Kilifi kutoka boma hadi boma, na kwamba mtoto mmoja anaweza kuwa na jina la ukoo, la dini na la shule. Karani akimwunganisha mgonjwa na mtoto mwingine mwenye jina kama lake, kosa hilo litasafiri hadi kwenye jedwali la mwisho bila mtu yeyote kuligundua. Karani hodari, anayejua kuuliza jina la babu na la jirani, huilinda sayansi kuliko anavyosifiwa.

Wapo pia mfamasia anayetunza dawa za majaribio katika joto lililoagizwa, mratibu wa utafiti anayehakikisha kila hatua ya itifaki, yaani mpango wa utafiti ulioandikwa, inafuatwa, mfuatiliaji anayekagua kama kilichoandikwa kwenye fomu ndicho kilichotokea kweli, na madereva wanaowarudisha watoto kliniki siku za ukaguzi kupitia barabara ambazo wakati wa masika hazipitiki kwa urahisi.

Damu ya mwanangu hupelekwa wapi, na kwa nini itolewe?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu habari za mumiani zinajulikana pwani nzima, na hofu ya mzazi anayeona sindano ikivuta damu ya mtoto mgonjwa ni hofu ya haki. Mzazi ana haki ya kuambiwa ni kiasi gani kinatolewa, na wahudumu wa Kilifi wamezoea kukieleza kwa vijiko vya chai, kipimo ambacho kila mtu anakijua.

Tuchukue mfano wa kipimo cha kuotesha vimelea kutoka kwenye damu. Tangu mwaka 1998 karibu kila mtoto anayelazwa Kilifi kwa ugonjwa hufanyiwa kipimo hiki, jambo ambalo ni nadra katika hospitali za umma barani Afrika. Muuguzi au daktari huisafisha ngozi kwa dawa, akasubiri ikauke, ndipo akaitia damu katika chupa yenye chakula cha bakteria. Chupa hupelekwa maabara na kuwekwa katika mashine inayoihifadhi katika joto karibu na la mwili na kuichunguza mchana na usiku kwa siku kadhaa. Mashine ikitoa ishara kwamba kuna kinachokua, mtaalamu wa maabara huchukua tone, akalitandaza kwenye kioo, akalipaka rangi na kulitazama kwa hadubini. Kisha taarifa hupelekwa wodini bila kusubiri majibu kamili, kwa sababu daktari anahitaji kujua mapema kama antibiotiki aliyoianza inafaa.

Katika mnyororo huo mtu mmoja anaweza kuharibu kazi ya wote. Ngozi isiposafishwa vizuri, bakteria wa kawaida wa ngozi huota ndani ya chupa, na maabara hutumia siku mbili ikichunguza kisichokuwa ugonjwa. Chupa ikichelewa kwenye meza ya wodi, vimelea dhaifu hufa. Kwa hiyo wataalamu wa maabara na wauguzi hulazimika kuzungumza mara kwa mara, na maabara hurudisha wodini hesabu ya chupa zilizochafuka ili waliotoa damu wajue kazi yao ikoje.

Matunda ya uvumilivu huo yalionekana mwaka 2005, pale takwimu za watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa Kilifi zilipoonyesha kwamba zaidi ya robo ya vifo vya watoto hospitalini humo vilihusiana na bakteria katika damu. Kabla ya hapo homa kali ya mtoto katika maeneo ya malaria ilielekea kuhesabiwa kuwa malaria tu.

Wafanyakazi wa nyanjani ni akina nani? Kwa nini wanakuja nyumbani wakati utafiti ni wa hospitali?

Kwa sababu hospitali huwaona waliofika hospitalini peke yao. Ili kujua ugonjwa umepungua au umeongezeka ni lazima kujua watoto wote ni wangapi, waliozaliwa, waliohama na waliofariki nyumbani. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 eneo la takriban kilomita za mraba 891 kuizunguka hospitali limekuwa likihesabiwa boma kwa boma, na kwa miaka mingi wahesabuji walirudi kila baada ya miezi minne hivi. Wakazi wa eneo hilo ni zaidi ya robo milioni.

Faida yake ilionekana wazi katika chanjo ya kukinga nyumokokasi, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo; chanjo hiyo ilianza kutolewa Kenya Januari 2011. Maabara ilijua ni watoto wangapi waliougua, na wahesabuji walijua ni wangapi walioishi katika eneo hilo, na baada ya miaka kadhaa ikathibitika kwamba magonjwa makali ya aina za nyumokokasi zilizomo katika chanjo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019. Bila kijana aliyetembea juani na daftari lake, na baadaye na kompyuta ndogo ya mkononi, takwimu hiyo isingekuwepo.

Wengi wa wafanyakazi hawa ni wenyeji waliomaliza sekondari, wanaosema Kigiriama, Kichonyi au Kikauma pamoja na Kiswahili, na wanaojua namna ya kupiga hodi, kumwamkia mzee wa boma kwanza, na kungoja kukaribishwa kabla ya kufungua mkoba. Wanaishi katika vijiji hivyohivyo wanavyovihudumia, na hapo ndipo ugumu ulipo. Dorcas Kamuya, mtafiti wa Kilifi aliyechunguza maisha ya kazi ya wafanyakazi hawa, ameonyesha jinsi wanavyobanwa katikati: wanatakiwa kufuata itifaki iliyoandikwa ofisini, huku mbele yao amekaa jirani asiye na chakula, anayewaomba msaada ambao itifaki haikuutaja. Ameeleza pia kukataa kwa kimya, yaani mama anayejibu kwa upole kwamba waje kesho, na kesho wanakuta ameshakwenda shambani. Mfanyakazi mzoefu huelewa kwamba hilo ni jibu. Asiyeelewa ataendelea kurudi, na kila safari itapunguza imani ya familia hiyo kwa hospitali.

Kwa maoni yangu watu hawa wanahitaji mafunzo na usimamizi wa karibu kama vile madaktari, tena wanahitaji mahali pa kusema yale yaliyowalemea mchana kutwa.

Ni nani anayeamua kwamba utafiti fulani ufanyike?

Si mtafiti mwenyewe. Andiko la utafiti hupitiwa na wanasayansi wa ndani, kisha hupelekwa kwenye kitengo cha KEMRI kinachohakiki sayansi na maadili, ambacho kinaweza kulirudisha, kulibadilisha au kulikataa. Utafiti wa dawa au chanjo mpya huhitaji pia idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Wakati mshirika yuko nje ya nchi, kamati ya chuo chake nayo huhusika. Tanzania ina mpangilio wa namna hiyohiyo kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR.

Nikikataa mwanangu asishiriki, atanyimwa matibabu?

La. Matibabu ya hospitali ni haki ya mgonjwa, na anayekataa hutibiwa kama wengine. Aliyekubali anaweza pia kujitoa siku yoyote bila kutakiwa kutoa sababu.

Mtoto akiletwa mahututi, mzazi anawezaje kusoma fomu na kuamua?

Hawezi, na kumlazimisha kufanya hivyo ni kumwonea. Katika utafiti wa dharura, kamati za maadili zimewahi kukubali utaratibu ambao mzazi huelezwa kwa maneno machache na kuombwa kibali cha mdomo, tiba ikaanza bila kuchelewa, na maelezo kamili pamoja na fomu ya ridhaa yakaja mtoto akishatulia. Jukumu la kusema maneno hayo machache humwangukia muuguzi au daktari wa zamu. Ni mzigo mzito, kwani ni lazima mzazi asikie ukweli na asifikiri kwamba msaada unasubiri jibu lake.

Utaratibu huo ulitumika katika utafiti wa maji ya mshipa kwa watoto mahututi ulioitwa FEAST, ambao unajibu pia swali linalofuata.

Mnaweza kutoa mfano wa utafiti ambao usingewezekana bila timu kubwa?

FEAST ndio mfano ninaoupendelea. Uliongozwa na Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyefanya kazi Kilifi kwa muda mrefu, na ulianza mwaka 2009 katika hospitali sita: nne za Uganda, Kilifi kwa upande wa Kenya, na Hospitali ya Teule ya Muheza kwa upande wa Tanzania. Swali lilikuwa hili: mtoto mwenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu, je, apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka? Nchi tajiri zilikuwa zikifanya hivyo kama jambo lisilo na mjadala, na madaktari wengi walitarajia kwamba jibu litakuwa ndiyo.

Kabla ya mtoto wa kwanza kuandikishwa, wahudumu walifundishwa upya namna ya kumpokea mtoto mahututi. Walijifunza kubonyeza kucha ya mtoto, kuachia, na kuhesabu sekunde mpaka wekundu urudi. Kupitisha mkono mguuni kutoka chini kwenda juu ili kuhisi mahali ubaridi unapoishia. Kushika mshipa wa mkono na kusikia kama unapiga kwa udhaifu. Vipimo hivyo havihitaji mashine, lakini vinahitaji mikono inayokubaliana, kwa maana kucha ambayo muuguzi wa Soroti, Uganda, anaihesabia sekunde tatu lazima yule wa Muheza naye aihesabie tatu. Kupangwa kwa mtoto katika kundi la kupewa maji ya haraka au la kutopewa kulitegemea bahasha zilizofungwa, zisizopenya mwanga na zenye namba, zilizofunguliwa kwa mfuatano ili asiwepo mtu wa kumchagulia mtoto kundi. Wodi hizo hazikuwa na mashine za kupumulia za vyumba vya wagonjwa mahututi. Mtoto alikaguliwa baada ya saa 1, 4, 8, 24 na 48, na alirudishwa kuonwa baada ya wiki 4.

Wakati huo, mbali na wodi, kamati huru ya kufuatilia data na usalama ilikuwa ikipitia hesabu ambazo watafiti wenyewe hawakuruhusiwa kuziona. Mpango ulikuwa kuandikisha watoto 3,600. Januari 2011 kamati hiyo ilishauri uandikishaji usimamishwe, kwani watoto waliopewa maji ya haraka walikuwa wakifa kwa wingi zaidi. Kati ya watoto 3,141 wa sehemu kuu ya utafiti, yaani wasiokuwa na shinikizo la damu lililoshuka mno, waliofariki ndani ya saa 48 walikuwa takriban asilimia 10.5 kwa waliopewa maji ya haraka, ya albumini (protini ya damu) au ya chumvi, na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Kwa lugha nyepesi, kila watoto 100 waliopewa maji hayo, watatu zaidi walipoteza maisha.

Naomba msomaji afikirie hali ya muuguzi aliyekuwa zamu kwa miaka hiyo miwili, akiwa na nia njema kabisa, akaambiwa habari hiyo. Timu zilizofanya kazi hiyo zinastahili heshima ya pekee, kwa sababu zilikubali kupima jambo lililodhaniwa limekwisha kujulikana, na zilipima kwa uangalifu kiasi kwamba jibu lisilotarajiwa halikuweza kupuuzwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa wa huduma ya dharura kwa watoto, uliozingatia matokeo hayo.

Msimamizi wa data na mtakwimu hufanya nini, ikiwa hawamwoni mgonjwa?

Mtakwimu huingia kabla ya utafiti kuanza, kwa kuwa yeye ndiye anayekokotoa ni washiriki wangapi wanaohitajika ili jibu liaminike. Washiriki wakiwa wachache mno, watu watakuwa wamesumbuliwa bila faida. Wakizidi mno, wengine watakuwa wamewekwa katika hatari isiyo ya lazima. Msimamizi wa data naye hutafuta yasiyowezekana: mtoto wa miezi minne mwenye kilo arobaini, tarehe ya kuruhusiwa iliyotangulia tarehe ya kulazwa, halijoto iliyoandikwa 73 badala ya 37. Hurudisha maswali hayo wodini, na pale ambapo wodi na ofisi ya data wanaheshimiana, jibu hurudi siku hiyohiyo.

Wawakilishi wa jamii wana sauti ya kweli, au wanaitwa tu kwenye mikutano?

Wawakilishi hao huchaguliwa na wakazi wenzao katika maeneo yao na hawaajiriwi na taasisi. Wao huletewa mipango ya utafiti, huuliza maswali ya vijijini, na husema pale ambapo maelezo hayaeleweki. Maswali yao kuhusu damu inayohifadhiwa, sampuli zinazopelekwa ng'ambo, na fidia ya nauli na muda wa washiriki ni maswali ambayo mtafiti aliyezama katika takwimu huyasahau kwa urahisi.

Hata hivyo kuna mvutano usiokwepeka. Mwakilishi anayehudhuria mikutano kwa muda mrefu huanza kuonekana kijijini kama mtu wa KEMRI, na imani aliyochaguliwa nayo hupungua. Naona ni vizuri wabadilishwe kwa vipindi, na muhimu zaidi, waambiwe ni ushauri wao upi uliokubaliwa, upi uliokataliwa, na kwa sababu gani.

Wahudumu wa kaunti na wa utafiti ni walewale?

Wanafanya kazi katika wodi moja lakini waajiri wao ni tofauti. Mgonjwa hapaswi kuiona tofauti hiyo. Wahudumu wenyewe huiona, hasa mishahara na saa za kazi zinapotofautiana, na viongozi wasipoizungumza waziwazi hugeuka kinyongo kinachoathiri huduma.

Kwa nini makala ya kisayansi hutaja majina machache wakati kazi ilifanywa na watu mamia?

Majarida ya tiba yana masharti ya uandishi: mwandishi awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya au kuchambua data, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki makala, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Muuguzi aliyeandikisha nusu ya washiriki anaweza kukosa kutajwa kwa sababu hakuletewa rasimu asome. Naliona hilo kuwa upungufu wa walioongoza, kwa sababu mtu hawezi kushiriki kuandika makala ambayo hakuonyeshwa. Tafiti kubwa siku hizi huorodhesha kundi zima la utafiti, hospitali kwa hospitali, na huo ni mwenendo wa kuigwa hata katika tafiti ndogo.

Kijana wa Pwani anayetaka kazi hii asome nini?

Milango ni mingi. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina tawi Kilifi, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko mjini humohumo. Uuguzi, maabara, famasia, takwimu, kompyuta na sayansi ya jamii zote hupata nafasi, na wapo walioanza wakiwa wafanyakazi wa nyanjani wakaendelea na masomo. Ningeongeza kwamba anayejua vizuri lugha za wenyeji asiudharau ujuzi huo, kwani hakuna mashine itakayomwelezea bibi wa Ganze kwa nini mjukuu wake arudishwe kliniki ilhali amekwisha kupona.

Nikiwa na malalamiko kuhusu utafiti, nimwendee nani?

Fomu ya ridhaa ambayo mshiriki huachiwa nakala yake lazima iwe na namba ya simu ya watafiti na nyingine ya kamati ya maadili, ambayo haiko chini ya watafiti hao. Asiyesoma anaweza kuzungumza na mwakilishi wa jamii wa eneo lake au na muuguzi msimamizi wa wodi, na malalamiko yake yaandikwe na kujibiwa. Kama hukupewa nakala ya fomu, idai, kwa kuwa ni yako.